Macbeth hakuua kwa sababu moja: tujadili kinachowasukuma wahusika wa tanzia na jinsi wanavyobadilika

#1 mzee wa tanzia (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa.

Nimeleta huu uzi kwa sababu kuna kitu kinanikera muda mrefu kuhusu tunavyosoma tanzia, yaani michezo inayoishia kwa maangamizi ya mhusika mkuu, ziwe za Wagiriki, za Shakespeare au hata za kwetu. Ukimuuliza mtu kwanini Macbeth alimuua mfalme anakujibu neno moja, tamaa. Othello? Wivu. Oedipus? Kiburi. Creon? Ubishi. Basi, daftari linafungwa, mtihani unajibiwa, tunasonga. Mimi nasema hilo neno moja ndo linatuzuia kuona kazi aliyoifanya mwandishi, maana kinachomsukuma mhusika mwanzoni sio kinachomsukuma katikati wala mwisho, kinabadilika njiani, na pale kinapobadilika ndo mhusika anapokua. Au anaposinyaa, kwa sababu kwenye tanzia kukua sio lazima uwe mtu mwema zaidi.

Nianze na Macbeth, wengi mmeipitia, wengine kwa Kiingereza na wengine kwa tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Shakespeare aliiandika karibu na 1606, mfalme wa Uingereza wakati huo ni James wa Kwanza, mtu wa Scotland, na ukoo wake ulikuwa unajihesabu umetokana na Banquo, yule jemadari mwenzake Macbeth. Hilo mlishike.

Wachawi watatu wanamwambia Macbeth utakuwa mfalme. Hawakumwambia ua! Tafuteni mstari kwa mstari, hawataji kuua mfalme popote. Ni yeye mwenyewe, bado kasimama palepale nyikani, ndo picha ya mauaji inamjia kichwani mpaka nywele zinamsimama. Na Banquo naye kaambiwa yake, kwamba kizazi chake kitatawala, mbona hakwenda kushika kisu? Tena sio kwamba Banquo ni malaika, usiku anasumbuliwa na mawazo mabaya na anaomba nguvu za mbinguni zimzuie. Kwenye kitabu cha historia cha Holinshed ambacho Shakespeare alichota stori yake, Banquo alikuwa mshirika kwenye mauaji. Shakespeare kamsafisha. Wengi wanasema kamsafisha ili asimuudhi James na mimi nakubali inawezekana kabisa, ila ona alichovuna kisanaa: watu wawili wamesikia habari ileile mahali palepale, wote imewaingia, mmoja anaiombea dua iondoke na mwingine anaifanyia kazi. Kwahiyo utabiri peke yake hauui mtu.

Sasa nendeni tendo la kwanza onyesho la saba, hapo ndo nataka tukae. Mfalme Duncan yuko mezani anakula, Macbeth katoka nje peke yake anahesabu sababu za kutomuua. Ni ndugu yake. Ni mfalme wake. Ni mgeni wake, na mwenye nyumba ndo anatakiwa amfungie muuaji mlango sio ashike kisu yeye. Tena Duncan ni mpole, katawala bila doa. Akiangalia upande wa pili anakiri mwenyewe kwamba hana kitu chochote cha kumsukuma zaidi ya ile hamu ya kupanda juu. Mkewe anaingia, Macbeth anamwambia hatuendelei na hili jambo. Amekataa jamani, amekataa kwa mdomo wake mwenyewe, na dakika chache baadaye keshakubali. Sasa niambieni tamaa imefanya nini hapo? Tamaa ilishaletwa mezani ikapimwa ikashindwa. Kilichomrudisha ni mkewe kumgusa penye uanaume, anamwambia ulipothubutu ndo ulikuwa mwanaume, na kwamba yeye kama angekuwa ameapa vile mumewe alivyoapa angemchomoa mtoto kwenye titi akampasua kichwa. Huyu Macbeth kabla hata hajaonekana jukwaani tumeshasikia akisifiwa kwa kumchana mtu vitani kuanzia kitovuni mpaka tayani, jina lake lote limesimama juu ya ushujaa, sasa mtu wa hivyo ukimwita mwoga, na anayemwita ni mwanamke anayempenda kuliko watu wote, hapo umemmaliza. Msimamo wangu ni kwamba kisu cha kwanza kilishikwa na aibu kuliko tamaa.

Mauaji ya pili ni ya Banquo. Ufalme anao tayari, tamaa ya nini tena? Hapa anataka usalama. Anasema mwenyewe kwamba kuwa mfalme si kitu kama hujawa mfalme salama, na kinachomuuma ni kwamba taji kavaa yeye ila watakaorithi ni watoto wa mwenzake. Na angalieni kitu kingine, mke aliyepanga naye mauaji ya kwanza hatua kwa hatua, safari hii hamwambii. Anamwambia mpenzi wewe usijue kwanza, utashangilia likishafanyika. Ndoa imekufa hapo na hakuna aliyepiga kelele.

Ya tatu ni mke wa Macduff, mkuu wa Scotland anayempinga Macbeth, na watoto wake. Macduff mwenyewe keshakimbilia Uingereza, hawa watoto hawadai taji, hawamtishi mtu. Macbeth anawaua kwa sababu ameamua kuanzia sasa kitu kikizaliwa moyoni kiende moja kwa moja mkononi, bila kufikiri katikati. Mlinganishe na yule wa onyesho la saba aliyesimama anapima hoja moja baada ya nyingine mpaka akaona malaika wanalia. Ni mtu yuleyule, na katikati hapo hakuna miaka mingi ya jukwaani, ni maonyesho machache tu. Aibu, halafu hofu, halafu kukataa kufikiri. Ndo maana nimesema kasinyaa.

Mkewe anakwenda njia ya kinyume. Anaanza kwa kuita mizimu imwondolee uanawake wake na imzibie njia za huruma, na watu wakisoma hapo wanasema huyu mama katili. Mimi nasoma tofauti, mtu asiye na huruma haombi aondolewe huruma. Usiku wenyewe anasema angemuua Duncan kwa mkono wake kama asingefanana na baba yake alivyolala. Anasema maji kidogo yatatusafisha, halafu tendo la tano anatembea usingizini anasugua mikono na harufu ya damu haitoki. Mume anaanza na dhamiri anaizima, mke anaanza kwa kuizima inarudi kumchukua.

Wagiriki nitawaleta. Karibuni kwanza kwa hayo.

#2 mpenda historia

Mkuu uzi mzito huu, ahsante, ila hapo kwenye wachawi sikubaliani na wewe. Unawasoma wachawi kama mtu wa leo. James huyohuyo unayemtaja aliandika kitabu kizima kuhusu mashetani na wachawi, Daemonologie, 1597, na aliwahi kusimamia mwenyewe kesi za wachawi kule Scotland. Watazamaji wa wakati ule walikuwa wanawaona kama nguvu ya kweli inayowinda roho ya mtu, hawakuwa mapambo ya stori. Kwahiyo kumtoa Macbeth kwenye mikono ya wachawi ukambakiza yeye na mkewe naona unaipunguza tamthilia.

Na pili tamaa usiifukuze haraka hivyo. Onyesho hilohilo la saba mkewe anamuuliza ni mnyama gani basi alikufanya uniletee hili wazo? Maana yake Macbeth ndo aliyelileta kwanza, kabla ya vitisho vya uanaume. Mtu hawezi kuaibishwa kwa kitu ambacho hakukitaka tangu mwanzo.

#3 mzee wa tanzia

Mkuu hoja yako ya pili imeniongezea nguvu. Kama wazo alilileta Macbeth mwenyewe kwa mkewe, basi wachawi wanazidi kurudi nyuma, wamemkuta mtu mwenye jambo lake. Kuhusu watazamaji wa zamani niko na wewe kabisa, wachawi ni nguvu halisi ndani ya mchezo, ila hata kwa imani ya wakati ule shetani anashawishi, halazimishi, na mwenye roho ndo anayejibu. Banquo ndo ushahidi wangu, na Banquo mwenyewe anamwonya mwenzake palepale kwamba hizi nguvu za giza huwa zinatuambia ukweli mdogomdogo ili zitusaliti kwenye jambo kubwa. Macbeth alisikia onyo hilo kwa masikio yake.

Tamaa siikatai, ipo. Ninachokataa ni kuifanya ijibu maswali yote. Tamaa ilimleta mpaka mlangoni, aliyemsukuma akaingia ni mwingine.

#4 mwl_fasihi

Mimi nafundisha fasihi sekondari na nakushukuru mleta mada kwa hili, maana kweli wanafunzi wanakuja na neno moja na mitihani yenyewe mara nyingi inawapa maksi kwa neno hilohilo. Ila naomba unitoe shaka kwa Oedipus. Yule si kitu kimoja tu mwanzo mpaka mwisho? Anatafuta ukweli, anatafuta ukweli, anaupata, unammaliza. Hapo unaona mabadiliko gani ya msukumo?

#5 mzee wa tanzia

Mwalimu swali zuri sana na nilikuwa nalisubiri, kwa sababu Oedipus ndo mfano wangu bora kuliko hata Macbeth.

Anachokifanya ni kilekile, kuuliza. Sababu ya kuuliza ndo inabadilika, na Sophocles kaipanga kwa umakini wa ajabu. Mwanzo anauliza kwa ajili ya mji. Thebes ina tauni, mimba zinaharibika, mifugo inakufa, watu wamekuja kumlilia na yeye keshamtuma shemeji yake Creon kwenda Delphi kumuuliza mungu Apollo kabla hata hawajamwomba. Hapo ni kiongozi bora, tusimwonee. Jibu ni kwamba tauni imeletwa na muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia. Anamlaani muuaji huyo hadharani na anasema hata akiwa nyumbani kwangu laana impate.

Anakuja Tiresias, nabii mzee kipofu, hataki kusema, Oedipus anamkaba kwa maneno mpaka mzee anatema: muuaji ni wewe. Kuanzia hapo Oedipus hatafuti tena kwa ajili ya tauni, anatetea kiti chake, anaona njama, Creon kamnunua nabii ili ampindue. Hii ni sababu ya pili.

Jocasta, mkewe aliyekuwa mke wa Laius, anaingia kumtuliza, anamwambia usijali mambo ya utabiri, Laius alitabiriwa atauawa na mwanawe lakini kauawa na majambazi mahali njia tatu zinapokutana. Akitaja njia tatu Oedipus anaganda, kwa sababu yeye aliwahi kumuua mzee mmoja na msafara wake mahali pa hivyo. Sasa anauliza kwa hofu, anataka yule shahidi aliyenusurika aletwe aseme kama majambazi walikuwa wengi au mmoja. Tumaini lake lote limebaki kwenye hesabu hiyo. Sababu ya tatu.

Halafu anakuja mjumbe kutoka Korintho na habari kwamba Polybus, mfalme aliyemlea, kafa, na kwamba Polybus hakuwa baba yake. Jocasta anajua palepale kwamba mumewe ndo mwanawe mwenyewe aliyemuua Laius, anamsihi asiulize zaidi, anaingia ndani. Na Oedipus anadhani mkewe anaona aibu asije akaonekana kaolewa na mtoto wa mtumwa! Anajiita mtoto wa Bahati. Mji kausahau, tauni kaisahau, hata Laius kamsahau, sasa anataka kujua mimi ni nani. Hiyo ya nne, na kwangu ndo ya kibinadamu kuliko zote.

Ya mwisho iko kwa mchungaji mzee. Mchungaji anasema nimefika kwenye kusema jambo la kutisha, Oedipus anajibu na mimi nimefika kwenye kulisikia, ila lazima nilisikie. Hapo anajua tayari. Angeweza kumwachia mzee aende zake. Hana mji wa kuokoa wala kiti cha kutetea wala tumaini la kusafishwa, anauliza kwa sababu keshakuwa mtu asiyeweza kuishi bila kujua. Neno "kiburi" haliwezi kubeba haya yote mwalimu, halifiki hata robo.

Na akishajitoboa macho kwa pini za nguo ya Jocasta wazee wanamuuliza mungu gani kakusukuma, anajibu Apollo ndo kaleta mateso yangu lakini mkono uliopiga ni wangu. Anatenganisha kilichompata na alichokifanya, na pale mwanzo wa mchezo asingeweza kusema sentensi kama hiyo.

#6 mwl_fasihi

Nimekuelewa, na nitaitumia darasani, kuwaambia waorodheshe sababu ya kila swali analouliza. Niongezee kitu kidogo kwa wasomaji. Sophocles alimrudia Oedipus uzeeni, kwenye mchezo wa Oedipus akiwa Colonus ambao ulioneshwa mwaka 401 kabla ya Kristo mwandishi akiwa keshafariki. Humo mzee kipofu anajitetea, anasema nilitenda bila kujua, na mtu aliyenipiga nilijitetea, mngefanya nini ninyi? Lakini hasira yake iko palepale, anamlaani mwanawe Polynices bila kumhurumia. Kwahiyo mtu anaweza kukua kwenye kujitambua na tabia yake ikabaki vilevile, na huo ndo ukweli wa watu wengi tunaowajua.

#7 dada wa Tanga

Naomba niingie, maana mpaka sasa mnazungumza wafalme tu. Mtu aliyekua kuliko wote kwenye tanzia za Shakespeare kwa maoni yangu ni Emilia kwenye Othello, mke wa Iago, askari anayemdanganya Othello kwamba mkewe Desdemona anazini na Cassio. Watu wanampita kama mjakazi.

Mfuatilieni. Desdemona anaangusha leso, Emilia anaiokota, anajua kabisa bibi yake anaipenda leso ile, na anampa mumewe kwa sababu mume kamsumbua mara nyingi amuibie. Anasema atakachoifanyia Mungu ndo anajua, mimi nia yangu ni kumridhisha tu. Hiyo ndo sababu yake, kumridhisha mume. Baadaye Desdemona anahangaika leso imeenda wapi, anamuuliza Emilia uso kwa uso, Emilia anasema sijui. Amedanganya, na uongo ule mdogo umeua watu. Halafu onyesho la usiku, Desdemona anajiandaa kulala, Emilia anaongea kuhusu wanawake na waume, anasema waume wajue kwamba wake zao nao wana hisia na macho na pua kama wao. Kuna kitu kimeanza kuamka hapo ila bado ni maneno ya chumbani.

Tendo la tano Desdemona kauawa, Emilia anagundua leso ndo ushahidi uliotumika na mumewe ndo fundi wa yote. Iago anamwamuru nenda nyumbani. Anajibu mbele ya wanaume wote waliosimama pale kwamba ni haki nimtii, ila sio sasa, na huenda Iago nisirudi nyumbani kabisa. Anasema kila kitu. Iago anamchoma kisu, anakufa akiomba alazwe pembeni ya bibi yake. Kutoka "nimridhishe mume" mpaka "sio sasa" ni safari ndefu kuliko ya Othello mwenyewe, na kapewa mistari michache mno.

Othello kwangu anabadilika ila hakui. Hotuba yake ya mwisho bado anapanga aelezwe vipi, kwamba alipenda bila busara lakini kwa moyo wote.

#8 mpenda historia

Dada hapo umenifungua macho. Ila swali, Iago je? Mleta mada anasema kila mhusika ana sababu inayobadilika, Iago sababu yake nini?

#9 dada wa Tanga

Iago anatoa sababu nyingi mpaka unaacha kumwamini. Kanyimwa cheo kapewa Cassio. Kasikia tetesi kwamba Othello kalala na mkewe. Baadaye anamshuku hata Cassio na mkewe. Mahali fulani anasema na yeye anampenda Desdemona. Na kitu ambacho wengi hawakioni ni hiki: mwisho wa lile onyesho refu la tendo la tatu Othello anampa kile cheo! Anamwambia sasa wewe ndo luteni wangu. Alichokuwa anakilalamikia tangu mstari wa kwanza kakipata, na haachi, anaendelea mpaka watu wanakufa. Kwahiyo cheo hakikuwa sababu, au kilikuwa sababu mwanzoni tu halafu kazi yenyewe ya kuharibu ikamnogea. Mwisho wakimuuliza kwanini anasema msiniulize kitu, mnachokijua mnakijua, kuanzia sasa sitasema neno. Mtu aliyeongea na watazamaji mchezo mzima anafunga mdomo kwenye swali hilo hilo moja.

#10 mzee wa tanzia

Dada hiyo ya cheo kutolewa katikati ya mchezo ni ya dhahabu. Na kuhusu Emilia sina cha kuongeza, umemaliza.

Niseme kidogo kuhusu Lear kwa sababu kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni akisema kama mhusika akikua kweli basi inabidi aokolewe. Hapana. King Lear anagawa ufalme kwa kupima nani anampenda kwa maneno, anamfukuza binti yake Cordelia, anaishia nje kwenye dhoruba, na ndani ya dhoruba ile anawafikiria maskini wasio na paa anasema nimelijali hili kidogo mno. Mfalme wa zaidi ya miaka themanini anajifunza leo. Baadaye anamwomba msamaha binti yake. Kakua bila ubishi, na bado Cordelia ananyongwa. Watu walishindwa kuvumilia mpaka mwaka 1681 Nahum Tate akaandika upya mwisho, Cordelia anaishi na kuolewa, na toleo hilo ndo lilitawala majukwaa ya Uingereza karibu miaka 150. Ninawaelewa waliolipenda lakini walikuwa wanataka malipo. Shakespeare hakumlipa Lear kwa kukua.

#11 mtoto wa Kilwa

Wakuu naomba nimlete wa kwetu, maana mada inamhusu sana. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969. Mtu mwenyewe wa kweli, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905 vita vya Majimaji vikiwa vinaanza, ila Hussein hakuandika historia, kaandika tanzia, na nikisoma maelezo ya mzee kuhusu sababu kubadilika naona Kinjeketile anaingia moja kwa moja.

Mwanzo anatoka mtoni na maji ya kugeuza risasi na ujumbe kutoka kwa mzimu Hongo, anaamini kwa moyo wote, na makabila yanaanza kuungana kwa sababu ya imani hiyo. Halafu anagundua ndani ya ujumbe uleule kuna maneno kwamba wakishashinda watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Zanzibar. Yaani wamtoe Mjerumani waingie chini ya mwingine! Imani inampasuka. Ila watu hawataki kungoja, neno limeshatoka mkononi mwake, kalizaa na sasa ni kubwa kuliko yeye. Vita vinapigwa, risasi hazigeuki maji.

Mwisho yuko kwenye minyororo, wanamtaka aseme maji yalikuwa uongo, na hata Kitunda mwenzake anamtaka aseme. Anakataa. Sasa hapa ndo pa kujadili, kwa sababu yeye mwenyewe alishaacha kuamini kitambo, kwanini asiseme?

#12 mzee wa tanzia

Mkuu umenifurahisha kumleta, nilikuwa natafuta pa kumwingizia.

Anakataa kwa sababu swali limebadilika. Mwanzoni swali lilikuwa maji yanazuia risasi? Pale kwenye minyororo anayeuliza ni Mjerumani, na anachotaka kusikia ni kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa ujinga. Kinjeketile anaona kwamba akikiri, watoto watakaozaliwa wataambiwa baba zenu walikosea kupigana. Kwahiyo analinda kitu asichokiamini kwa ajili ya kitu anachokiamini. Aliyetoka mtoni mwanzoni alikuwa na uhakika na hakuwa na mashaka, huyu wa mwisho ana mashaka na amechagua, na wa pili kwangu ni mkubwa zaidi.

Mweke sasa pembeni ya Macbeth. Macbeth naye mwisho anagundua kadanganywa, msitu wa Birnam umetembea, Macduff hakuzaliwa kwa njia ya kawaida, kila ahadi ya wachawi imepasuka mkononi. Anasema sitapigana na wewe, halafu akifikiria kuoneshwa watu kama mnyama kwenye maonyesho anarudi kupigana. Aibu ileile ya onyesho la saba imerudi, ndo iliyomwanzisha ndo inayommaliza. Wote wawili wanasimama mbele ya kifo imani ikiwa imekwisha, mmoja anafikiria atakavyotazamwa, mwingine anafikiria wasiozaliwa watakavyoambiwa.

#13 mpenda historia

Sawa ila kwa Kinjeketile kuna upande wa pili. Watu walikufa kwa maji yale. Kunyamaza kwake kunaweza kusomwa kama kukwepa kubeba mzigo. Kitunda hana hoja?

#14 mtoto wa Kilwa

Ana hoja, tena nzito, na nadhani Hussein kamweka Kitunda makusudi ili tusimpe Kinjeketile ushindi wa bure. Kitunda ndo kaongoza watu, kaona miili. Mimi nikisoma siku nyingine naegemea kwake. Tamthilia haikupi ruhusa ya kupumzika upande mmoja.

#15 msanii chipukizi

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Mimi niko kwenye kikundi cha maigizo, tunaandaa Antigone ya Sophocles na nimepewa Creon, mtawala wa Thebes. Dairekta ananiambia cheza dikteta, nikifanya hivyo naona nimeanza na hasira na nimemaliza na hasira, hakuna pa kwenda. Mzee naomba msaada, huyu mtu kinachomsukuma ni nini?

#16 mzee wa tanzia

Marahaba kijana. Dikteta ni matokeo, usianze nayo.

Mwanzo Creon ana hoja ya maana. Mji umetoka vitani jana, ndugu wawili, kaka zake Antigone, wameuana, kiti kakipata leo, na katangaza kwamba Polynices aliyeushambulia mji asizikwe. Anasema anayemweka rafiki mbele ya nchi yake hafai. Hotuba ile iseme kwa kuamini kabisa, watazamaji wakubaliane na wewe, ukiisema kwa ukali umeharibu kila kitu kinachofuata. Mlinzi akija kusema maiti imefukiwa, Creon anaanza kuona rushwa kila mahali, hapo hofu ya kiti imeingia. Akiletwa Antigone na kugundua ni mpwa wake, tena mwanamke, tena hakani, inakuwa jambo lingine, anasema huyu akishinda basi mwanaume ni yeye sio mimi. Mji umeshatoka kwenye mdomo wake, sikiliza maneno yake utaona. Haemon anakuja, mtoto wake wa kuzaa na mchumba wa Antigone, anaanza kwa heshima kabisa, anamwambia baba watu wanamsikitikia huyu binti. Creon anauliza mimi kwa umri huu nifundishwe na huyu? Sasa ni baba na mwana, sheria imebaki jina tu. Kwahiyo una safari: mji, kiti, uanaume, ubaba. Hasira ni moja ila inatoka mahali tofauti kila mara, na mwili wako ukijua inatoka wapi sauti itabadilika yenyewe.

Halafu Tiresias. Anamtukana nabii kwamba kanunuliwa, nabii anamtabiria kifo cha mwanawe na kuondoka. Creon anabaki na wazee, na kwa mara ya kwanza anawauliza nifanye nini, niambieni nitatii. Mtu ambaye mchezo mzima kaamuru anaomba aamriwe.

Na hapa nakuomba usome kwa makini. Wazee wanamwambia nenda kamtoe binti pangoni alikofungiwa, na maiti ijengee kaburi. Binti kwanza, maiti baadaye. Mjumbe akirudi kusimulia tunasikia walianza na maiti. Waliiosha, wakaichoma, wakarundika udongo, ndo wakaenda pangoni, na Antigone keshajinyonga. Sophocles hasemi kwanini aligeuza mpangilio. Mimi naona katubu kweli ila katubu kama mtawala, anarekebisha kosa la hadharani kwanza, la miungu na mji, na msichana aliye hai anangoja. Inawezekana ukaona tofauti, labda ni hofu ya miungu tu, ila lazima wewe unayemcheza uwe na jibu lako kabla hujatoka jukwaani, maana ukirudi umembeba Haemon aliyejiua watazamaji watalisoma kwenye uso wako.

#17 msanii chipukizi

Nimeshika kalamu naandika pembeni ya skripti. Na Antigone mwenyewe je? Mwenzangu anayemcheza anasema Antigone habadiliki.

#18 dada wa Tanga

Mwambie asome tena pale anapopelekwa pangoni. Mwanzo alikuwa anakitafuta kifo kama sifa, alimjibu dada yake Ismene kwa ukali kweli. Njiani kwenda kufa analia kwamba anakufa bila kuolewa, bila wimbo wa harusi, anajiuliza sheria gani ya miungu kaivunja na mbona miungu haimsaidii. Hakujuta kumzika kaka yake hata kidogo, ila ule uhakika wa mwanzo umeshika hofu. Akimcheza jiwe mwanzo mpaka mwisho watu watampongeza na hakuna atakayemlilia.

#19 mzee wa tanzia

Naunga mkono mia kwa mia. Kijana mkipanga tarehe tuwekeni hapa, na muulizeni dairekta kama atakubali lile swali la "nifanye nini" ulikalie kidogo kabla wazee hawajajibu.

Medea, yule mama wa tanzia ya Euripides anayewaua wanawe, kuna mdau kamuomba, huyo anahitaji uzi wake, nitaufungua wikiendi. Mpaka wakati huo someni pale anapowakumbatia watoto na kubadili nia mara kwa mara, njooni na majibu ya kila mara anapogeuka anataka nini.